Mwalimu Ametoka Harusini

Mpiga fidla wa taarab Unguja hulala kwa kuchelewa. Harusi haichangamki mpaka mabibi wakae, na mabibi hawakai mpaka kila mmoja ashamwona mwenzake kavaa nini. Wimbo wa kwanza ukipigwa saa nne usiku, watu husema leo wamewahi. Huyo mpiga fidla akifika kwake ni saa nane, mara nyingine saa tisa. Na saa tatu asubuhi anatakiwa awe Mizingani, ukingoni mwa bahari, ndani ya jumba la Forodha ya zamani, mbele ya mtoto wa miaka 12 ambaye bado anaushika upinde kama kisu cha kuparia samaki.

Hivyo ndivyo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilivyoishi tangu kilipofungua milango mwaka 2002. Wenyewe hukiita DCMA, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Wengi wa waliofundisha pale hawakusomea ualimu. Ni wapigaji wenye vikundi vyao, wenye harusi zao za wiki, wenye kodi ya nyumba inayowangoja. Historia ya chuo hiki imeandikwa zaidi katika ripoti za wafadhili, na ripoti hizo huhesabu wanafunzi na vyeti. Mimi ningependa kuwahesabu walimu wenye macho mekundu, kwa sababu bila wao jengo lile lingebaki forodha tu.

Kilisajiliwa mwaka 2001 kama jumuiya isiyo ya kiserikali. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Hildegard Kiel, Mjerumani aliyehamia Zanzibar, naye alifanya kazi bega kwa bega na wanamuziki wa mjini. Jina la nchi za jahazi lilikuwa tayari midomoni mwa watu: tamasha la filamu la ZIFF lilikuwa limeanza miaka michache nyuma likijiita tamasha la nchi za jahazi. Maana yake inaeleweka na mtu yeyote aliyekulia pwani. Ni zile bandari zote zilizofungwa pamoja na kaskazi na kusi, kuanzia Ghuba na Hadhramaut mpaka Lamu, Unguja, Ngazija na kwingineko, ambako pamoja na tende na boriti zilisafiri pia ngoma, udi na mahadhi. Na kufunguliwa kwa chuo cha mahadhi hayo ndani ya jumba la forodha, mahali pa kukagulia shehena, ni sadfa ambayo mshairi angeionea aibu kuibuni.

Jumba lenyewe si la kujishaua. Lipo kati ya kasri ya Beit el-Sahel na Mtini, na ukiwa na haraka ya kukimbilia boti unaweza kulipita usilione. Inasemekana ndiko alikotangazwa Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1896, baada ya vile vita vya Agosti vya dakika zisizotimia 45 baina ya kasri na manowari za Waingereza. Sijui wanafunzi wangapi wamewahi kuambiwa hayo. Wanachokijua wao ni upepo: dirisha likiachwa wazi, karatasi za nota huruka, na unyevu wa bahari huingia ndani ya mbao za ala. Ala ya kanuni iliyowekwa sawa jioni, asubuhi imeshalegea.

Neno chuo nalo lilikuwa na mzigo wake. Kwa Mzanzibari wa makamo, kwenda chuoni ni kwenda kusoma Kurani; skuli ni skuli, na chuo ni chuo. Kwa hiyo chuo cha muziki kilisikika kwa baadhi ya wazee kama maneno mawili yaliyooana bila ya posa. Wapo wazazi waliokataa katakata, na wapo waliokubali kwa sharti kwamba mtoto apige ala lakini asipande jukwaani. Ajabu ni kwamba chuo kile cha mwanzo kimekisaidia sana hiki cha pili. Mtoto aliyepitia kasida huja na pumzi, na sikio lake limeshazoea sauti zisizopatikana kwenye kinanda cha kawaida. Amefundishwa mahadhi ya Bayati na Hijazi bila ya kuambiwa kuwa ndiyo.

*

Kabla ya 2002 watu walijifunza vipi? Jibu la haraka ni kwamba waliiba. Mimi nilikulia mtaa wenye kilabu ya taarab, jina lake nitalistahi, na sisi watoto tulisimama dirishani kila usiku wa mazoezi. Tukichungulia mno tulimwagiwa maji. Mmoja wetu alikuwa na kipaji cha kuangalia vidole vya mpiga udi, kisha akirudi nyumbani anavipitisha vilevile juu ya ufagio. Leo anapiga udi kweli. Mimi niliishia kwenye ufagio.

Lakini masomo yenye mwalimu na mwanafunzi ana kwa ana nayo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, anatajwa kuwa alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine waliopiga kasrini. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, kilabu ambayo bado ipo, na kazi yao ya kwanza haikuwa kutumbuiza bali kutafuta ala na mtu wa kuwaonyesha zinavyoshikwa. Kisha kuna Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyezaliwa kwenye miaka ya 1880, ambaye alitembea na vyungu kichwani kuviuza mjini. Alipohamia mjini alifundishwa na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, na baadaye Siti akajiunga na wapigaji waliokuwa tayari na majina yao. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri za HMV kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na anayeusoma kwa makini ataona kwamba nyuma ya sauti ile kulikuwa na mtu mwenye kazi zake aliyekaa chini kumsomesha mwanamke asiye na ukoo mkubwa wala mali. Nadhani hapo ndipo historia ya chuo cha Mizingani inapoanzia, miongo mingi kabla ya kupata kibao mlangoni.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, ni wa upande mwingine wa hadithi hiyo. Yeye alijifunza kwa kusikiliza, na alichokisikiliza ni pamoja na Siti mwenyewe. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa ukungwi: kuwafunda wari katika unyago, na kupiga ngoma. Watu wa nje walimjua kama mwimbaji, wakampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 walimlilia kama mwimbaji. Wanawake wengi wa Unguja walimlilia kama mwalimu.

Basi kilichokuwa kimeharibika ni nini mpaka ikahitajika ratiba, madarasa na ada? Kwanza, mlango wa kilabu ulikuwa mwembamba. Uliingia kama baba yako ni mwanachama, au mjomba, au kama umevumilia kubeba ala za wakubwa miaka mitatu. Msichana aliingia kuimba tu. Hata vikundi vya taarab vya wanawake vya zamani vilikodi wanaume wapige. Pili, miaka ya 1990 kilikuja kinanda cha umeme. East African Melody na vikundi vilivyofuata vya taarab ya kisasa vilionyesha kwamba kinanda kimoja, gitaa na mwimbaji mwenye kujua kupasha vinajaza ukumbi kuliko fidla sita. Siwalaumu. Rusha roho, kama inavyoitwa taarab hiyo, ni muziki wa watu, na mwenye harusi ana haki ya kuchagua atakachocheza. Ila hesabu ni hesabu: kikundi cha watu 25 kilikuwa kinagawana ujira ambao sasa unagawanywa na watu 7, na wa kwanza kuachwa nyumbani alikuwa mpiga kanuni, kwa sababu ala yake ni nzito, hukatika nyuzi na haisikiki mbele ya spika.

Mwisho wa karne ungeweza kuwahesabu wapigaji wa kanuni wa Zanzibar kwa vidole, na vingine vikabaki.

*

Tukae kidogo kwenye ala hiyo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mwalimu lazima awe mpigaji.

Kanuni ya kawaida ina nyuzi 78 hivi, zimepangwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Inalala mapajani au mezani, umbo lake kama meza iliyokatwa pembe moja, na daraja lake limekanyaga juu ya vipande vya ngozi vinavyoipa ule mlio wa kama maji. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vyote viwili vya shahada, na ndani ya kila pete huchomekwa risha. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huwa na hamu ya kupiga. Mwalimu anampa ufunguo. Siku hiyo, na siku ya pili, na pengine wiki nzima, kazi ni kukaza na kulegeza nyuzi: tatu hizi mpaka ziwe moja, kisha tatu zinazofuata. Akimaliza za chini, za juu zimeshaharibika. Anaanza upya. Mwalimu yuko kando anakunywa chai, na ukidhani hasikilizi umekosea. Husema tu, "Ya katikati iko chini," bila ya kugeuza kichwa.

Mkono wa kushoto una kazi nyingine. Pembeni mwa nyuzi kuna vidude vidogo vya chuma vya kuinua na kulaza, na kila kimoja hupandisha au kushusha sauti kidogo sana. Hapo ndipo inapokaa robo ya sauti. Katika mahadhi ya Rasti, sauti ya tatu haiko mahali pa kinanda cha kizungu. Iko kati ya kitufe kimoja na kingine. Kwenye nota huandikwa kwa alama ya kushusha iliyokatwa kistari, lakini kistari hakisemi ishuke kiasi gani. Kiasi hicho hakiko sawa Cairo na Unguja, na wapo wanaoapa kwamba hakiko sawa hata Malindi na Vuga. Mwalimu wa vitabu atakuonyesha alama. Mpigaji aliyetoka harusini atakuonyesha mahali, kwa sababu jana usiku alipakosa kidogo akaona mabibi wa mstari wa mbele wanavyotazamana.

Kwa upande wa kanuni mmoja wa waliobeba mzigo huo ni Rajab Suleiman, mpigaji wa Culture Musical Club na kiongozi wa kikundi cha Kithara. Kwa fidla na udi alikuwepo Mohamed Issa Matona, mtoto wa Issa Matona yule wa taarab ya Bara, ambaye kwa miaka mingi alikuwa pia mmoja wa wasimamizi wa masomo ya chuo. Matona ni mfano wa aina ya mtu niliyemsema mwanzo: amefundisha, ametunga, amesafiri na vikundi, na nyumbani kwao muziki ulikuwa unalala na kuamka naye. Profesa Mitchel Strumpf, Mmarekani aliyefundisha muziki katika vyuo vikuu vya Afrika, alikuja kuongeza nidhamu ya nadharia na mitaala. Watu wa aina hizi mbili hawakubaliani kila siku, wala haikutakiwa wakubaliane.

Mzozo mkubwa ulikuwa nota. Wapigaji wakongwe wengi hawakuzihitaji. Wimbo wa dakika 15, pamoja na bashrafu yake ya kufungulia, ulikuwa kichwani. Vijana walipoanza kusoma karatasi, wazee waliona macho yao yamehamia mezani na masikio yamefungwa. Vijana nao walikuwa na hoja: mzee akifariki na nyimbo 200 kichwani, tunazika nyimbo 200. Chuo kilichagua njia ya kati ambayo haikumridhisha yeyote kikamilifu. Mwanafunzi anaandika, kisha anafunga daftari na kupiga bila ya kuangalia. Nimesikia wanafunzi wakilalamika kwamba wanasoma kitu kimoja mara mbili. Ndivyo hasa.

Si taarab peke yake iliyofundishwa. Kulikuwa na ngoma za asili za visiwani, na kulikuwa na kidumbaki, ambacho watu wa taarab ya ukumbini walikuwa wanakidharau kidogo. Kidumbaki ni fidla moja yenye mbio, ngoma mbili ndogo, mkwasa, cherewa, na sanduku: kasha lililogeuzwa, fimbo, na kamba moja inayovutwa ili itoe besi. Kuingiza sanduku darasani, mahali ambapo kuna piano, ni uamuzi ambao mimi naupa alama nyingi kuliko cheti chochote kilichotolewa pale. Kijana wa shamba aliyekuwa anapiga sanduku kwenye harusi za kijijini alijikuta siku moja akiitwa mwalimu, na wazungu wenye shahada wamekaa sakafuni wakimtazama mkono.

*

Wasichana ndio waliobadilisha sura ya chuo. Hapo kabla mwanamke aliyepiga ala jukwaani alikuwa jambo la kushangaza. Bi Mariam Hamdani na kikundi chake cha Tausi walikuwa wakisukuma mlango huo kutoka upande wao, na chuo kilikuwa kinausukuma kutoka upande mwingine. Msichana aliyekuja kwa ajili ya kuimba alikuta chumba cha pili kina fidla zinazongoja watu. Kutoka kizazi hicho kilizaliwa Siti and the Band, mwaka 2015, kundi la waliosoma chuoni: mwimbaji wake, Siti Amina, anapiga na udi, Rahma Ameir anapiga fidla, na Gora Mohamed yuko kwenye kanuni, ile ala iliyokuwa inahesabiwa kwa vidole. Wamepanda jukwaa la Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 ndani ya Ngome Kongwe, mwendo wa dakika chache kutoka darasani kwao. Muziki wao una besi na ngoma za kileo, na wapo wakongwe wanaosema hiyo si taarab. Wanaweza kuwa na haki. Waliosema hivyo kuhusu Siti binti Saad, alipoitoa taarab kwenye Kiarabu cha kasri akaileta kwenye Kiswahili cha Ng'ambo, nao walikuwa na haki kwa kipimo chao.

Ukija upande wa fedha, hadithi inafupika. Ada zilikuwa ndogo na bado hazikulipika kwa wengi. Mishahara ilitegemea wafadhili wa nje, na mfadhili hupenda kufungua kuliko kuendesha. Atanunua piano lakini hatamlipa anayefuta vumbi juu yake. Wanafunzi na walimu walipiga hotelini kwa watalii, na jioni hizo zikawa darasa jengine: mtoto anajifunza kupiga huku watu wanakula, wanazungumza, na hakuna anayekuja kumtunza. Mpigaji aliyelelewa na harusi huona uchungu hapo. Harusini mwanamke huinuka na noti mkononi, anacheza taratibu mpaka mbele, anaweka, anarudi. Mwimbaji anajua ubeti upi umemgusa nani. Hotelini kuna makofi ya mwisho.

Mwaka 2019 zilienea habari, mpaka kwenye magazeti ya nje, kwamba fedha zimekauka na chuo kiko mbioni kufungwa. Mishahara ilikwama. Hapo ndipo lile jambo lililoonekana siku zote kuwa udhaifu, kwamba walimu wana kazi nyingine, lilipogeuka kuwa boya. Mtu aliyekuwa na harusi Alhamisi na Jumamosi aliweza kuja kufundisha Jumatatu bila ya kulipwa, kwa muda. Mwalimu mwenye mshahara mmoja tu angekuwa ameshaondoka. Mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona, hoteli zikafungwa, na wale wageni waliokuwa wakija kusoma wiki mbili au mwezi, wakilipa ada kubwa iliyowabeba wenyeji, hawakuonekana. Chuo kilivuka. Kilivuka kwa michango, kwa ukaidi, na kwa watu ambao majina yao hayamo kwenye kibao chochote.

Mwaka wa masomo pale una kalenda mbili. Moja imebandikwa ukutani. Nyingine ni ya mwezi unaoandama: Shaabani harusi zinagongana, kila mtu anataka kuoa kabla ya mfungo, na walimu huja darasani wamechoka kuliko miezi yote. Ramadhani ala zinafunikwa. Nyuzi hulegezwa ili zisikatike, fidla hurudi mikobani, na ngazi za Forodha hukaa kimya kiasi cha kusikia vibarua wa bandarini wakiitana.

Kisha hufika zile siku za mwisho wa mfungo, alasiri, watu hawajafuturu na midomo imekauka. Kuna taarab ya Idi ya kutayarishwa. Kijana mmoja, aliyekuja hapa miaka ile hajui kushika upinde, anafunua kanuni, anapiga chafya kwa vumbi, anavaa pete zake mbili. Pembeni yake ameketi msichana wa darasa la sita, mtandio umekazwa nyuma ya masikio, ufunguo mkononi. Simu ya kijana inalia: ni mama mmoja wa Mwanakwerekwe, bintiye anaolewa Idi mosi, anauliza kama usiku ule watakuwa na nafasi, na bei ikoje. Kijana anainuka, anatoka nje barazani kuzungumza bei kwa sauti ya chini. Msichana anakaza nyuzi tatu za kwanza.

"Ya katikati," kijana anasema kutoka barazani, mkono ameufunika kwenye simu. "Iko chini."